Lango Lenye Sikio

Niliusikia kwenye foleni ya bomba, asubuhi, maji yakiwa bado hayajatoka na sisi tukiwa tumeshachoka kuyasubiri. Kwamba serikali inatafuta jina.

Si mtu. Jina.

"La nani?" nilimuuliza Mama Zaituni, jirani yangu, ambaye ndiye aliyekuja na uvumi huo pamoja na ndoo zake.

"Wangejua la nani wangelitafuta?"

"Mtu akitafuta kitu anajua anachokitafuta."

"Hayo ni mambo ya watu wa kawaida, shoga yangu. Hawa ni watafiti."

Foleni ikacheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani na ndoo tupu, na yale maneno nikayabeba kichwani badala ya maji. Nikakaa kwenye cherehani, yakakaa nami. Kazi yangu ni kudarizi majina ya watoto kwenye masweta ya shule, hapa kifuani upande wa kushoto, yasipotee wala kuibwa. Kwa hiyo anayesema jina linatafutwa, kwangu ni kama amesema polisi wanatafuta nyumba yenye mlango wa bluu, nami wangu ni wa bluu.

Binti yangu alikuwa sakafuni anacheza na vipande vya nyuzi. Nilimwita kwa jina lake. Sikuwa na cha kumtuma. Nilitaka tu kusikia.

"Abee, mama," akaitika.

Nikashusha pumzi. Jina lake silitaji hapa, na mbele utaelewa kwa nini.

*

Kwa msomaji wa mbali, niseme nchi yetu ilivyo. Kwetu mwanamke akishajifungua mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linawekwa kabatini. Kuanzia hapo yeye ni Mama Fulani. Sokoni Mama Fulani, msibani Mama Fulani, hata mumewe akiumwa usiku anamwita Mama Fulani. Langu la kuzaliwa liko kwenye kadi ya kliniki na mdomoni mwa mama yangu mzazi, basi.

Jambo la pili, nchi yetu ina vipaumbele. Viliandikwa ukutani kwenye ofisi ya kata kwa rangi nzuri. Kipaumbele cha kwanza ni kuvilinda vipaumbele. Cha pili hakitajwi kwa sababu za kiusalama. Cha tatu ni maji. Nilipokuwa darasa la kwanza maji yalikuwa ya tatu, na nashukuru serikali haijayashusha.

Basi ikaja siku ya kuzindua Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Usalama wa Mitandao, juu ya kile kilima ambapo tuliambiwa itajengwa wodi ya wazazi. Tulipelekwa sote, tukapewa vibendera. Waziri wa Vipaumbele, Mheshimiwa Sengondo, alisimama jukwaani, jasho likimtiririka ndani ya suti ya watu wa nchi za baridi.

"Ndugu wananchi," alisema, "adui wa leo haji na bunduki. Anakuja na waya. Na yule hatari zaidi, hata waya hana."

Tukatazamana kuona nani hana waya.

"Zamani," akaendelea, "utafiti ulikuwa ukitafuta ukweli. Lakini ukweli ni mwingi mno, na hauna mpangilio. Kuanzia leo utafiti wetu utaunga mkono vipaumbele vya taifa. Mtafiti akigundua jambo ambalo si kipaumbele, atalirudisha pale alipolikuta."

Makofi. Halafu akaonyesha lango la kituo. Lilikuwa la nondo za chuma cheusi, refu kuliko msikiti wetu, bila kufuli, bila kitasa. Katikati yake palikuwa na kitundu chenye wavu, kama sikio.

"Lango hili halina ufunguo, kwa sababu ufunguo huibiwa. Lina sikio. Likisikia neno la siri, linafunguka. Na neno hilo hilo moja linafungua bwawa la umeme, hazina ya taifa, maghala ya jeshi na friji la Mtukufu Mkuu wa Nchi. Moja tu, ili lisisahaulike. Amelichagua Mtukufu mwenyewe, kwa hekima zake."

"Na Mtukufu akishikwa na mafua?" Mama Zaituni alininong'oneza.

"Tutalala nje."

"Yeye atalala njaa. Friji."

Tulicheka ndani ya khanga. Ningejua, siku ile nisingecheka, wala nisingepiga makofi. Lakini soda zilikuwa zimeshaanza kugawiwa.

*

Utafiti wa kwanza ulitaka kujua kama maneno ya siri ya wananchi ni siri kweli. Njia waliyotumia ilikuwa nyepesi. Kila mwananchi mwenye simu aliombwa aandike neno lake la siri kwenye karatasi, na jina lake, na mtaa anaokaa, halafu aitumbukize kwenye sanduku pale zahanati. Asiyetumbukiza hakupata panadoli. Mtaa mzima tulitumbukiza.

Matokeo yalisomwa redioni na Profesa Lwambo, Mtafiti Mkuu, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu.

"Utafiti umebaini kuwa maneno ya siri ya wananchi sasa yanajulikana. Hii ni hatari kubwa, na wananchi wanapaswa kujilaumu."

Akaendelea. Karibu akina mama wote wa nchi hii, alisema, hutumia jina la mtoto wa kwanza. Na akina mama hao hao huitwa kwa jina hilo sokoni, kwa sauti, siku nzima. Kwa maneno mengine kila mama anatembea na ufunguo wake shingoni, na mtaa mzima unaupigia kelele. Hitimisho la utafiti lilikuwa kwamba udhaifu mkubwa wa taifa ni watoto.

Mume wangu, ambaye ni fundi wa mashine ya kusaga nafaka, alikuwa anakung'uta unga kwenye shati. "Wamesoma sana hawa," akasema.

"Wamesema watoto ni udhaifu."

"Wangekuja waone unavyomnunulia andazi kila akinuna. Wasingehitaji utafiti."

Mwisho kabisa Profesa alisema zipo karatasi chache ambazo mashine ya kituo ilipozipitia iliwasha taa nyekundu. Zinashughulikiwa. Halafu wakapiga wimbo wa taifa, ule mrefu.

*

Afisa Kibuta alikuja siku ya pili yake. Mtu wa makamo, suti ya kijivu, na masikioni ameziba pamba. Si kidogo. Pamba ilikuwa imetokeza nje kama kifaranga anayetaka kuanguliwa.

"Hodi hapa," akapaza sauti.

"Karibu, afande."

"Sisikii. Nimeziba kwa makusudi. Nikikuuliza, tikisa kichwa. Una binti?"

Nikatikisa.

"Anaitwa nani? Usiseme."

"Sijasema."

Akachomoa pamba ya sikio moja, polepole, kama anayefungua mlango wa chumba chenye mbwa. "Ulitaka kusema."

"Si umeniuliza."

"Nimekuuliza ili nione kama ungesema. Mama, nimetumwa kuthibitisha kwamba binti yako ana lile jina."

"Jina lipi?"

"Sina kibali cha kulijua."

"Sasa tutathibitishaje?"

Akafikiri. Niliona anafikiri kwa uaminifu kabisa. "Wewe unalijua jina la mwanao?"

"Nalijua."

"Basi ndilo."

Mume wangu akasogea mlangoni, unga mpaka kwenye kope. "Afande, jina hilo ni la bibi yangu. Nchi nzima wako mabinti wanaitwa hivyo. Kuna na kisima kinaitwa hivyo."

"Kisima tumeshakifukia," akasema Afisa Kibuta. "Ndiyo maana unaniona nimechoka."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoelewa, kabla kichwa hakijaelewa. Lile neno alilochagua Mtukufu kwa hekima zake, linalofungua bwawa na hazina na maghala, lilikuwa jina la mwanangu. Nadhani na mume wangu alielewa, maana aliacha kujikung'uta. Na kama sisi tumeelewa, sisi wa hapa, basi na yule adui asiye na waya ameshaelewa zamani. Lakini hilo halikuwa jambo la kumwambia mgeni.

Agizo lilikuwa hili. Jina lisitamkwe, lisiandikwe, lisishonwe. Sweta la shule lililetwa. Nilichukua wembe nikaanza kufumua nilichokidarizi kwa mkono wangu, herufi moja baada ya nyingine. Afisa Kibuta akageukia ukuta.

"Zimebaki?" akauliza.

"Zimebaki."

"Niambie zikiwa hazisomeki."

Nilipomaliza akakusanya nyuzi zote kwenye bahasha, hata zile zilizoanguka chini ya cherehani, akailamba na kuifunga. Vitundu vya sindano vilibaki kwenye sweta. Hakuviona, kwa sababu aliangalia uzi tu.

Usiku huo binti yangu aliniuliza nimelifanya nini sweta lake. Nikamwambia serikali imeomba.

"Mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu."

"Jina langu ndio limefanya?"

Nikamwambia alale.

*

Mtaani nikawa Mama Nanihii. Watu ni waungwana, hawakutaka kunitia matatani. "Mama Nanihii, uzi mwekundu upo?" "Baba Nanihii, unga umetoka?" Mwanzoni ilikuwa kama mzaha. Lakini mtaa wa pili kulikuwa na Mama Nanihii mwingine, na kule stendi wengine, na muuza mchicha akiita "Mama Nanihii" tunageuka kundi zima, halafu hakuna anayesogea, kila mmoja anamsubiri mwenzake awe ndiye. Shuleni mwalimu alimwita binti yangu "wewe wa dirishani." Mvua ikanyesha, dirisha likavuja, wakamhamishia nyuma. Akawa hana hata dirisha.

Nilipokuwa peke yangu naye nilikuwa namwita kwa macho. Naye akawa anaitika kwa macho. Tulidhani tumeishinda serikali.

Ndipo redio ikatangaza. Waziri Sengondo mwenyewe. Alisema utafiti umeonyesha kwamba kuficha jina hakutoshi, kwa sababu mwenye jina anatembea. Kwa hiyo mabinti wote wa jina husika wametangazwa kuwa miundombinu nyeti ya taifa, pamoja na bwawa la umeme na mnara wa redio, na watalindwa ipasavyo, ndani ya uzio.

Nilikuwa nimeshika pasi. Niliiweka chini na kukimbia shuleni na kandambili moja. Gari la kijivu lilikuwa limeshatoka. Afisa Kibuta alikuwa amebaki nyuma kusaini.

"Usilie, mama," alisema, kwa upole, na naamini alimaanisha. "Hiyo ni heshima. Kuna wilaya nzima huko haina chochote nyeti. Wana daraja tu, na lenyewe la miti."

"Amekula?"

Akagusa pamba yake kuonyesha kwamba hasikii.

*

Nilimfuata Profesa Lwambo kituoni. Nilikaa benchi la nje mpaka mlinzi akanihurumia, au akachoka kuniona. Niliingizwa kwa mlango wa jikoni, kwa sababu lango lilikuwa linasubiri neno, na mwenye ruhusa ya kulisema alikuwa ziarani nje ya nchi. Watafiti wote walikuwa wakipita jikoni.

Profesa alinipa kiti. Mtu mpole, mwembamba, kucha safi. Nilimwambia shida yangu, nikamwambia na dawa niliyoifikiria njiani.

"Lile neno, baba, si libadilishwe tu? Mtukufu achague jingine. Sisi mabinti zetu warudi nyumbani."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mtoto mdogo akiuliza jua linaenda wapi.

"Mama, umefikiri vizuri. Hata mimi nililifikiria. Lakini kulibadilisha ni kusema lilikuwa baya. Na aliyelichagua ni nani?"

Nikainua macho kwenye picha ya Mtukufu ukutani.

"Unaona. Neno haliwezi kukosea. Kwa hiyo kilichokosea ni watoto. Utafiti unaunga mkono vipaumbele vya taifa, mama yangu, hauvigombezi."

"Na huku ndani mnawafanyia nini?"

"Wanakula vizuri. Tunawafundisha kitu kimoja tu." Akainua kidole kimoja. "Kutoitika. Unajua jina linavuja wapi? Si kwenye mdomo wa anayeita. Mtu anaweza kuita chochote. Linavuja pale mtoto anapogeuka. Akigeuka, adui anajua. Asipogeuka, lile ni kelele tu, kama kelele nyingine. Kwa hiyo tunawaita, na anayegeuka anarudia somo."

"Anarudia vipi?"

"Mpaka asigeuke."

Nje ya dirisha lake niliwaona wamekaa kwenye mabenchi uani, mabinti wa kila umri, migongo imenyooka. Mwanamke mwenye koti jeupe alikuwa akipita nyuma yao na kuwanong'oneza neno moja, lango lisisikie. Kioo kilizuia sauti, lakini niliusoma mdomo. Hakuna aliyegeuka isipokuwa mmoja, mdogo kabisa, nywele zake bado zina utepe. Yule mwanamke akaandika kitu.

Haikuwa zamu ya wangu. Sitawaficha kwamba nilishukuru, halafu nikaona aibu.

"Atarudi lini, baba?"

"Utafiti ukikamilika."

"Unakamilika lini?"

"Ukikamilika, kituo kitafungwa," akasema Profesa, akininyanyua taratibu kwa kiwiko. "Na kufunga kituo, mama, umekiona popote kwenye vipaumbele?"

*

Serikali yetu haina roho mbaya. Iliweka Siku ya Kutazama. Wazazi waliruhusiwa kusimama ng'ambo ya barabara, mchana, mikono nyuma, na kuwatazama mabinti zao kupitia nondo za lango. Kusema hakukuruhusiwa. Walinzi walikuwa wameziba pamba kama Afisa Kibuta, na kazi yao ilikuwa kutazama midomo yetu.

Mume wangu alisimama kulia kwangu, amenawa, nikamwona uso wake halisi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mama Zaituni alikuja pia kunisindikiza, akiwa na embe kwenye mfuko, akijua kabisa halitafika.

Waliletwa uani. Nilimwona mara moja. Amevaa sweta lake, lile la vitundu, na amekaa mgongo umenyooka, anatazama mbele. Alikuwa anatazama upande wetu kabisa na hakuwa ananiona. Nilimwita kwa macho, kama tulivyozoea. Macho yake yalipita juu yangu na kwenda kwenye ukuta.

"Hakunijua," nikasema.

"Kuna jua," akasema mume wangu. "Jua linampiga machoni."

Hapakuwa na jua.

Sikumbuki kuvuka barabara. Namkumbuka Mama Zaituni akinivuta khanga na khanga ikimbakia mkononi. Nilifika kwenye lango, nikashika nondo, na nikamwita. Kwa jina lake lote, kwa sauti ile ninayomwitia akiwa mbali anacheza na giza linaingia.

Lango likafunguka.

Lilifunguka kimya kimya, kama pazia. Limefundishwa kusikia neno, nalo limesikia. Lilikuwa linasikiliza muda wote ule, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema nalo. Walinzi wakaliona limefunguka, na wao walikuwa wamefundishwa kwamba lango likifunguka kwa neno, anayeingia ni mkubwa. Wakabana miguu wakanipigia saluti, mimi, kichwa wazi, na gauni lenye nta ya kulainishia uzi.

Lango liliitika. Mwanangu hakuitika.

Nilimwita tena. Lango, ambalo lilikuwa limeanza kujifunga, likafunguka upya. Nikamwita tena. Likaenda, likarudi. Nilikuwa nalia na kuita, na chuma kile kinanitii kama mtoto mwenye adabu, na mabinti wote wa jina lile, uani pote, wamekaa migongo imenyooka hakuna anayetikisa hata kope. Walikuwa wamefaulu somo wote. Hata yule wa utepe.

Nikaacha kuita. Nikaingia, nikaenda mpaka alipo, nikapiga magoti mbele yake. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Ndipo nikaona kidole chake. Mkono wa kulia ulikuwa kifuani, upande wa kushoto, na kidole kinapita juu ya sweta, polepole, kutoka kitundu hadi kitundu. Kilikuwa kinafuata herufi. Kikifika mwisho kinarudi mwanzo. Walimfundisha asilisikie jina lake, lakini hawakujua kwamba analisoma.

Nikamgusa bega. Akasimama. Tukatoka, lango likiwa bado linajifunga polepole, na walinzi wakatupigia saluti tena. Akina mama wengine wachache waliingia nyuma yangu kabla lango halijajifunga. Wengine walibaki ng'ambo, mikono nyuma, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na siwalaumu.

*

Tulijifungia ndani tukisubiri gari la kijivu. Halikuja. Kilichokuja ni Waziri Sengondo, redioni.

Alisema jaribio la lango limefanikiwa kwa asilimia mia. Lango limesikia neno, limefunguka, kama lilivyokusudiwa na wataalamu wetu wazalendo. Baada ya mafanikio hayo, Mtukufu kwa hekima zake ameona sasa ni wakati wa kuchagua neno jipya. Halibadilishwi kwa kuwa la zamani lilikuwa baya. Linastaafu kwa heshima. Mabinti wa jina la zamani si miundombinu tena, wazazi waje kuwachukua na wanaweza kuwaita wapendavyo.

Watu walikuja kunipongeza. Mume wangu alikaa kwenye mkeka, akamwita binti yetu kwa lile jina la bibi yake, taratibu, kama anayejaribu daraja kwa mguu. Binti alikuwa anacheza na nyuzi. Hakuinua kichwa. Akaita tena, akatoka nje, nikasikia anapiga chafya na kusingizia unga.

Ndivyo tulivyo mpaka leo. Jina tumerudishiwa. Anakula, analala, anacheka hata. Lakini ukimwita haitiki. Ile "abee, mama" sijaisikia tena.

Na jana, kwenye foleni ya bomba, nimeusikia tena ule uvumi. Wametumia karatasi zile zile za zahanati, zile za kwanza. Jina jipya limeshachaguliwa. La mtoto wa nani, hawajasema.

Nikageuka kumwambia Mama Zaituni, hakuwepo. Nikarudi kwa njia ya kwake. Mlangoni palikuwa na mtu wa makamo, suti ya kijivu, na pamba imetokeza masikioni. Alikuwa anapiga hodi kwa upole.

Mtaona kwamba jina la mtoto wa jirani yangu nimeliandika humu tangu mwanzo, mara nyingi. Nilipoanza kuandika lilikuwa jina tu. Sweta ningelifumua. Karatasi haifumuliki.

Kwa hiyo nawaandikia wenzangu wenye watoto mambo ya kuepuka, kwa kifupi, kabla hodi haijafika kwenu:

Usipige makofi kabla hujaelewa kinachozinduliwa.

Usimwandikie mtafiti neno lako la siri, hata kama panadoli ipo kwake.

Usiseme jina la mtoto kwa mtu anayekuambia hana kibali cha kulijua.

Usidarizi jina kwa uzi. Kama ni lazima, tumia sindano kubwa, vitundu vibaki.

Usikubali mwanao aitwe nyeti.

Usiende Siku ya Kutazama ukatazama tu.

Usiniulize binti yangu anaitwa nani.

Usimwite mtoto wako akiwa mbali. Nenda mpaka alipo, umguse bega.